Mifuko ya Mchanga ya Hildegarda

Hildegarda alikuwa na kazi ambayo mji mzima wa Kilosa ulikuwa haujui inaitwaje. Wengine walimwita nesi, akaitika. Wengine walimwita mkandaji, akanuna kidogo halafu akaitika. Mpishi wa hospitali alimwita "yule dada wa kunyoosha watu", na kusema ukweli huyo ndiye aliyekaribia.

Hapo ni mwaka sabini na tano, enzi za vijiji vya ujamaa na foleni za duka la ushirika, sukari ikifika leo kesho imeisha. Hilda alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa amesoma Dar miaka mitatu mizima, anajua msuli gani unavuta mfupa gani, aliyevunjika paja aanze lini kukanyaga, aliyepooza mkono aanzie kidole kipi. Siku alipopangiwa hospitali ya wilaya, kwao Lumuma walichinja mbuzi. Halafu mshahara wa kwanza ukaja, na ulikuwa mshahara wa mhudumu. Yaani sawasawa na mtu wa kufagia wodi.

Akaenda kwa karani kuuliza.

"Hakuna nafasi yako kwenye wilaya," karani akamwambia. "Zilizopo ni mganga, nesi, mhudumu, dereva na mlinzi. Sasa unataka kuwa mlinzi?"

"Mimi nimesomea viungo."

"Na mimi nimesomea kupiga taipu, mbona kila asubuhi nafungua madirisha?"

Basi ikabaki hivyo, mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Mia tatu na kitu kwa mwezi, chumba cha kupanga karibu na reli, na viatu jozi moja ya kazini na kanisani. Mbaya zaidi, mjomba wake Gabrieli, aliyemsomesha kwa kuuza maharage, hakuamini hata kidogo. "Mtu hawezi kusoma miaka yote hiyo akalipwa kama mfagizi," aliwaambia ndugu mbele ya Hilda mwenyewe. "Hela anayo. Anaficha." Ikawa kila akienda likizo, mama zake wadogo wanapekua begi lake kwa kisingizio cha kumfulia.

Kazini nako walimpa chumba kilichokuwa stoo, benchi moja, na pole nyingi. Vyuma vya mazoezi alivyovizoea chuoni hakuna. Hilda akanunua kitambaa cha kaki, akashona vifuko kwa mkono, akavijaza mchanga wa mto Mkondoa, na kila kifuko akakitia kamba za viatu za kufungia. Mgonjwa anakaa kwenye benchi, anafungwa mfuko kifundoni, ananyanyua mguu mpaka unyooke, anashusha polepole. Tena. Tena. Wanaotoka mbali aliwapa mifuko wakaendelee nayo nyumbani. Na kwa kuwa wa mbali walikuja na treni ya tawi la Kidatu, ambayo ikichelewa imechelewa kweli, wengi waliikuta hospitali imefungwa, akawahudumia kibarazani kwake.

Sasa jiweke wewe kwenye nafasi ya Balozi Melkizedek. Huyu alikuwa balozi wa nyumba kumi, anakaa ng'ambo ya njia, kiti chake kimeelekea mlango wa Hilda. Kila jioni anaona mtu anaingia mikono mitupu, anatoka na kifurushi kizito amekizungushia kanga. Kesho mwingine hivyo hivyo. Na sukari dukani haipo. Hata wewe ungewaza.

"Shikamoo Balozi," Hilda alimsalimu jioni moja akipita.

"Marahaba. Wageni wako leo wamejaa."

"Wagonjwa, Balozi. Treni imechelewa."

"Wagonjwa wanaotoka na mizigo?"

"Ni mchanga ule, wa mazoezi."

"Mchanga." Balozi alikitafuna kile kijiti cha kiberiti alichokuwa nacho mdomoni. "Mtu anapanda treni Mikumi, analipa nauli, anakuja Kilosa kuchukua mchanga. Kwani Mikumi mchanga umekwisha?"

"Njoo basi nikufungulie mmoja uone."

"Utanifungulia wa mchanga. Ile mingine je?"

Hilda akapita zake. Na kweli, kuna vitu alikuwa anapokea. Mgonjwa akipona analeta mayai, au mkungu, au jogoo amefungwa miguu, na ukimkatalia anaondoka ameumia moyo. Balozi alikuwa ameuelewa ujamaa kwa namna yake mwenyewe: mtumishi wa serikali akionekana na jogoo ambaye hakumnunua, kuna jambo.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo, kuchunguliana tu, kama mganga mkuu asingemwita Hilda siku moja na kumwambia kwamba maombi yake yamefika Morogoro. Kuna ndugu mmoja wa utumishi, anaitwa Makarius, atakuja Ijumaa ya wiki ya mwisho wa mwezi kuona kama kazi hii ya viungo inastahili nafasi yake na daraja lake. Akiridhika, Hilda anapanda. Asiporidhika, chumba kinarudi kuwa stoo na Hilda anahamia dirisha la kugawa dawa.

"Atataka kuona mgonjwa mmoja aliyepona kwa mkono wako," mganga mkuu alisema. "Na chama kitatoa neno kuhusu mwenendo wako. Kwa mtaa wenu hiyo ni kazi ya balozi."

"Balozi Melkizedek?"

"Kuna mwingine?"

Hilda alirudi kwenye benchi lake. Neno la mwenendo wake liko mdomoni mwa mtu anayemhesabia jogoo.

Mgonjwa wa kuonyesha, hilo halikumsumbua. Alikuwa Kasian tu. Kasian alikuwa mkata miwa kutoka Kidodi. Mzigo wa miwa ulimporomokea kutoka kwenye lori, paja likavunjika, akalala miezi mguu umening'inizwa. Mfupa ulipounga, goti lilikuwa gumu kama ubao na paja limebaki ngozi. Alibebwa kuletwa kwa Hilda, na sasa alikuwa anatembea na fimbo moja. Tena alikuwa na bidii ambayo Hilda hajaiona kwa mgonjwa yeyote: mifuko ya mchanga hakuivua hata kwenye treni! Anashuka stesheni mifuko imefungwa miguu yote miwili, anachechemea nayo mpaka hospitali. Wanamgambo wa pale Mikumi, waliokuwa wanapekua abiria wote kutafuta sukari ya magendo, walikuwa wanamsaidia kupanda behewa. "Pole mzee, pole."

Lakini kitu kimoja kilikuwa kinamkera Hilda. Kila Ijumaa alizungusha utepe wa fundi cherehani kwenye paja la Kasian, na paja lilikuwa limegoma kujaa. Mtu anafunga mchanga kutwa nzima, anaapa kwamba ananyanyua asubuhi na jioni, halafu msuli uko pale pale? Na kuna mifuko yake miwili ya kaki ilikuwa imepotea, Kasian akidai imechukuliwa na watoto wa jirani.

Ijumaa moja kabla ya ile ya mgeni, Kasian alifungua mifuko akaiacha kwenye benchi, akatoka nje kunywa maji. Hilda akaishika ili aisogeze. Mkono wake ukapaa juu.

Yaani mwanamke aliyekuwa anabeba mifuko ya mchanga siku nzima, kiwiliwili chake chote kilikuwa kimejiandaa kwa uzito ule, na uzito haupo. Mfuko umejaa vile vile, umevimba vile vile, lakini mwepesi. Akaubonyeza. Ukalia krr, siyo kama mchanga. Kisha akaona sisimizi wawili wanatembea kwenye mshono.

Kasian aliporudi alikuta mlango unafungwa nyuma yake.

"Kaa," Hilda alisema.

"Vipi tena, dada?"

"Hii ni nini?"

"Si mchanga wako?"

"Kasian, usinifanye mtoto. Nyanyua huu, na huu wangu nyanyua. Haya niambie."

Kasian aliangalia chini, akakuna goti. "Dada Hilda, mimi nalipwa kwa miwa niliyokata. Nikilala, na mshahara umelala. Tangu lile lori mpaka leo sijashika hata senti ya kazi. Watoto wanne. Wewe unafikiri nauli ya kuja hapa kila Ijumaa inatoka wapi?"

"Inatoka kwenye mifuko yangu!"

"Sasa si ndiyo inanileta kutibiwa?"

Hilda nusura acheke, akajizuia. "Unamuuzia nani?"

"Hilo usiniulize."

"Nitajua."

"Ukijua utatamani usingejua," Kasian alisema, na hapo hakuwa anatania.

Hebu fikiria usiku ule alivyolala. Akimtaja Kasian kwa Balozi, yeye anasafika kabisa, hakuna atakayemshuku tena, lakini mgonjwa wake wa kuonyesha anakwenda mahabusu na daraja linakwenda naye. Akinyamaza, na mtu akaja kupasua mfuko mmoja tu, yeye ndiye mlanguzi, maana mfuko kaushona nani? Kabla Kasian hajaondoka alikuwa amemwapisha: Ijumaa ijayo uje miguu mitupu, bila mfuko wowote. Kasian aliapa kwa watakatifu wote wa parokia yake.

Wiki nzima Hilda akawa anamshuku kila mtu. Muuza nyama akimtazama, anajiuliza. Nesi mwenzake akinong'ona, anajiuliza. Jumatano jioni alikuja Fausta, mke wa Balozi, ambaye alikuwa na bega bovu la siku nyingi na kila Ijumaa alikuja kunyooshwa.

"Leo si siku yako, mama," Hilda alisema.

"Najua mwanangu, napita tu." Fausta akakaa kwa ukingo wa mkeka, akakunja kanga, akaikunjua. "Yule wa Kidodi mwenye mguu. Ijumaa anakuja?"

"Kwa nini unamuuliza?"

"Aa, namhurumia tu. Mguu ule, jamani."

Hilda akamwangalia usoni. Fausta akaangalia kuku. Na Hilda akakumbuka kwamba Ijumaa zote Fausta na Kasian hukaa pamoja kwenye foleni ya nje, na alikumbuka Balozi alivyojitapa juzi kwamba nyumbani kwake chai haijawahi kukosa sukari, shemeji yake wa Morogoro anamtumia.

Shemeji wa Morogoro! Hilda alitaka kulia na kucheka kwa pamoja.

Ijumaa ikafika. Ndugu Makarius alikuja na Landrova, mtu mnene mpole, suti ya Chou En-lai iliyofungwa vifungo mpaka shingoni, anafuta jasho. Alikuwa bado kwa mganga mkuu Kasian alipoingia chumbani kwa Hilda, na miguuni, mifuko miwili imefungwa vizuri kabisa.

"Kasian! Uliapa!"

"Nililipwa kabla, dada. Ningefanyaje?"

Hilda alipiga magoti akaifungua kamba haraka. Akaitupa kwenye benchi katikati ya mifuko yake mingine, yote ya kaki, yote sawa, na mlango ukafunguka. Makarius mbele, Balozi Melkizedek nyuma yake amevaa shati la chama. Nje kwenye foleni, Fausta na bega lake.

"Shikamooni," Hilda alisema.

"Marahaba. Ndiye huyu mgonjwa?" Makarius akamzunguka Kasian kama mtu anayenunua ng'ombe. "Haya, tuone hayo mazoezi." Na kabla Hilda hajainua mkono, akaokota mwenyewe mfuko mmoja kwenye benchi akampa. "Mfunge huu."

Ulikuwa wa sukari. Hilda aliujua mara tu ulipotua kiganjani.

Akaufunga. Kasian akanyanyua mguu, na mguu ukapanda wenyewe kama umevutwa na kamba, ukanyooka pyaa, ukashuka, ukapanda tena. Makarius alipiga makofi. "Mtu niliyeambiwa aliletwa amebebwa? Ebo! Hii ni kazi. Hii kabisa ni kazi!"

Angalia hapo. Kila kitu kilikuwa kimekwisha. Daraja liko mkononi, mjomba Gabrieli atanyamaza, stoo haitarudi kuwa stoo. Alichotakiwa kufanya ni kutabasamu tu. Lakini Hilda alikuwa anaangalia lile paja, paja alilolipima kila wiki, na alijua kesho Makarius akiandika kwamba mguu ule umepona, Kasian atarudishwa kwenye miwa Jumatatu, na goti lile litamwangusha mbele ya lori jingine.

"Huo mwepesi, ndugu," alisema. "Hajafikia kunyanyua hivyo. Ngoja nimfunge wa kwake."

Akafungua, akafunga wa mchanga. Kasian alivuta pumzi. Mguu ukaondoka, ukatetemeka, ukafika karibu na kunyooka, ukakwama, jasho likamtoka puani, ukashuka. Makarius akakunja uso.

"Sasa ule wa kwanza na huu, ukweli ni upi?"

"Ni huu. Bado miezi kadhaa. Lakini alipokuja goti halikuwa linakunja hata kidogo."

"Nitajuaje?"

"Mwepesi kwa nini?" Sauti ya Balozi ilitoka nyuma. Alikuwa hajasikia hilo la goti hata kidogo. "Mifuko si yote ni mchanga? Mmoja unakuwaje mwepesi? Ndugu Makarius, mimi nilikuwa nasubiri siku hii." Akaupokonya mfuko, akawageuzia mgongo, akatafuna mshono kwa meno, akaingiza kidole, akakilamba.

Kasian alifumba macho.

Balozi aliutazama mfuko. Akaugeuza. Akashika kamba ya kiatu iliyoning'inia, akaivuta kidogo, kama mtu aliyewahi kuifungua kamba kama ile mahali fulani, kabatini labda, nyuma ya makopo. Polepole kichwa chake kikageukia mlango ulioachwa wazi.

"Fausta," alisema, "huu si kama ule wa..."

"Bega linaniuma!" Fausta alipiga kelele kutoka nje. "Linaniuma sana leo, baba, usinisemeshe!"

"Kuna nini humo, Balozi?" Makarius aliuliza.

Balozi alifunga lile tundu kwa kiganja. "Mchanga."

"Umeonja mchanga?"

"Nimehakikisha. Ni ule laini, ndiyo maana mwepesi."

Makarius alikuwa mtu mzima, na mtu mzima wa serikali. Alimwangalia Balozi, akamwangalia Fausta, akaamua kwamba Landrova yake inamsubiri. "Sawa. Basi tuambie habari ya mwenendo wake. Na kama unajua hawa wagonjwa walivyokuwa."

Na hapo Balozi akafunguka kama bomba, maana alitaka sana mazungumzo yaende mahali pengine popote. "Nawajua wote! Mimi nakaa ng'ambo. Huyu alikuja amebebwa na vijana, wakamkalisha, mguu umenyooka kama mchi. Baadaye magongo mawili. Baadaye moja. Halafu fimbo. Yule mama wa Ilonga alikuwa anakokota unyayo, unachora mstari kwenye vumbi, saa hizi mstari haupo, nimeangalia. Mtoto wa fundi reli alikuwa anatambaa. Juzi kaniibia pera, akakimbia!"

Alisema mpaka akakauka koo. Yote aliyoyakusanya kwa ajili ya kumfunga Hilda yakamwagika pale, na Makarius akawa anaitikia kwa kichwa, akifuta jasho.

"Hospitali nzima haijaniambia hivi," alisema mwisho. "Nitapendekeza."

Balozi alitoka na ule mfuko kwapani. Alisema anakwenda kuutupa. Hakuna aliyemuuliza wapi.

Daraja lilikuja mwaka uliofuata. Nyongeza yenyewe ilitosha viatu jozi ya pili na karo ya binamu mmoja, na mjomba Gabrieli aliposikia kiasi chake alisema wazi kwamba lazima kuna zaidi. Balozi alihamisha kiti chake, akawa anakaa ameuangalia mlango wa jikoni kwake mwenyewe. Fausta bega lilipona ghafla, hakuonekana tena foleni.

Ila hayo yalikuja baadaye. Ijumaa iliyofuata ile ya mgeni, Kasian alishuka treni miguu mitupu, akajileta mpaka hospitali. Hilda hakumkaribisha ndani. Alimchukua mpaka mtoni, akamkalisha kwenye jiwe, akachota mchanga wenye maji mbele ya macho yake, akaujaza kwenye mifuko miwili mipya, akaishona palepale mishono miwili miwili, akaivuta kuona kama inashika.

"Dada Hilda," Kasian alisema, "yaani huniamini hata kidogo?"

"Hata kidogo," Hilda alisema, akamfunga kamba kifundoni. "Nyanyua."